Daktari Michael Wood na Saa ya Kwanza ya Majeruhi

Kwa miaka mingi lami ya kutoka Nairobi iliishia Isiolo. Msafiri aliyetoka Mombasa akalala Nairobi, kisha akapanda basi la kupitia Nanyuki na kuteremka upande wa pili wa Mlima Kenya, alipofika Isiolo alipokewa na joto, na akaonyeshwa kizuizi cha polisi mwisho wa mji. Ng'ambo ya kizuizi kile palianza vumbi na mawe. Hadi Marsabit ni kiasi cha kilomita 260, na kutoka Marsabit hadi Moyale ni karibu kiasi hicho hicho tena. Barabara hiyo ilikuja kutiwa lami yote katika miaka ya 2010. Kabla ya hapo malori yalikwenda kwa misafara, na mvua ikinyesha safari ilihesabiwa kwa siku.

Mgeni kutoka pwani hajioni mpweke Isiolo. Adhana husikika mapema, Kiswahili husemwa dukani na sokoni, na wazee wenye asili ya Kisomali watakusimulia jinsi babu zao, askari waliopigana katika Vita vya Kwanza vya Dunia, walivyopewa mahali pa kukaa hapo. Waborana, Wasomali, Wasamburu, Waturkana na Wameru hukutana mji huu kuuza na kununua mifugo. Lakini mji ni kitu kimoja na wilaya ni kitu kingine. Isiolo yote, ambayo leo ni kaunti, ina zaidi ya kilomita za mraba 25,000, na sensa ya 2019 ilihesabu humo watu 268,000 hivi. Merti, Garba Tula na Sericho ziko mbali na mji kwa mwendo wa saa nyingi, na penye malisho ni mbali zaidi.

Sasa fikiri, ndugu msomaji, mchungaji aliyechomwa mkuki wa paja katika ugomvi wa kisima, au mtoto aliyejikwaa akaangukia mafiga usiku. Mwili wa mtu mzima una damu ya lita tano hivi. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, dakika chache zatosha kummaliza. Hesabu hiyo haiongezwi wala haipunguzwi na barabara, na ndiyo iliyoyatawala maisha ya marehemu Daktari Michael Wood, yule mpasuaji aliyeanzisha huduma ya Madaktari wa Ndege katika Afrika ya Mashariki.

Wood alizaliwa Uingereza mwaka 1919 na kusomea udaktari mjini London wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mabomu yakiangushwa juu ya mji. Mwaka 1943 alimwoa Bibi Susan Buxton, binti wa wamisionari, aliyezaliwa Kongo. Daktari huyu alikuwa mgonjwa wa pumu, na baridi na unyevu wa kwao vilimtesa kifua. Mwaka 1947 wakahamia Kenya, naye akaanza kazi ya upasuaji Nairobi. Wakati ule wapasuaji katika nchi hizi walikuwa wa kuhesabika, na karibu wote walikaa mijini.

Lililombadilisha ni masomo aliyorudi kuyachukua Uingereza katika miaka ya 1950, kwa mpasuaji mashuhuri Archibald McIndoe. Hapa yafaa tutue kidogo, kwani bila ya McIndoe habari ya Wood haieleweki.

McIndoe alikuwa mzaliwa wa New Zealand, wa mwaka 1900. Vita vilipoanza mwaka 1939 alipewa hospitali ndogo katika mji wa East Grinstead, akaletewa marubani walioungua ndani ya ndege zao, nyuso na mikono ikiwa haitambuliki. Dawa iliyokuwa ikisifiwa duniani kwa mtu aliyeungua ilikuwa ni tanini. Watu wa pwani tunaijua tanini hata kama hatuijui kwa jina: ndiyo iliyomo katika magome ya mikoko yaliyokuwa yakisafirishwa nje kwa kazi ya kutengenezea ngozi za wanyama. Basi madaktari walimfanyia binadamu kile ambacho mtengeneza ngozi huifanyia ngozi ya ng'ombe. Jeraha lilipakwa tanini likawa gamba gumu jeusi, na ilidhaniwa kwamba chini ya gamba lile mwili unapona. Kumbe chini yake usaha ulikuwa ukijikusanya, vidole vikikazwa pamoja na damu ikikosa njia, na kope zikivutwa hadi jicho lisifumbike.

McIndoe aligundua kwamba marubani walioanguka baharini na ndege zao walipona vizuri kuliko wale walioanguka nchi kavu. Maji ya chumvi yalikuwa yamewatangulia madaktari. Akaitupa tanini, akaanza kuwalaza wagonjwa wake katika mabafu ya maji ya chumvi yaliyopimwa na kutiwa uvuguvugu, na majeraha yakabaki laini na safi hata akaweza kupandikiza ngozi mpya. Wagonjwa wale waliunda chama chao wakakiita Guinea Pig Club, jina la mnyama anayefanyiwa majaribio, na vita vilipokwisha walikuwa 649. McIndoe aliwaomba wenyeji wa East Grinstead wawapokee vijana wale mitaani na madukani bila ya kuwakodolea macho, nao wakakubali. Jambo hilo nami naliona ni sehemu ya tiba.

Lakini asije mtu wa Lamu au wa Kilindini akasoma hapa kisha akambeba aliyeungua na kumtosa baharini. Bahari ya leo karibu na miji ina uchafu wake, na bafu la McIndoe lilikuwa la hospitali. Linalopaswa kushikwa ni kwamba jeraha la moto lataka maji safi, wala halitaki kufunikwa kwa kitu kitakachogeuka gamba.

Baada ya vita McIndoe alinunua shamba karibu na Mlima Kilimanjaro. Wood na mkewe nao walikuwa na shamba Ol Molog, upande wa magharibi wa mlima huo huo, na Wood alikuwa amejifunza kurusha ndege ndogo ili aweze kwenda na kurudi Nairobi. Mtu wa tatu alikuwa Tom Rees, mpasuaji kutoka New York, ambaye naye alikuwa amepitia mikononi mwa McIndoe. Katika miaka hiyo ya katikati ya 1950 watatu hawa walikaa chini ya mlima wakizungumza juu ya wagonjwa waliokuwa wakiwaona: watu walioraruliwa na wanyama, walioungua, waliozaliwa na midomo iliyopasuka, walioharibiwa mikono na uso na ukoma. Mgonjwa hakuwa na njia ya kumfikia mpasuaji. Wakaamua mpasuaji ndiye aende. Mwaka 1957 shirika lao likaanzishwa, nalo baadaye likajulikana kwa jina la AMREF, makao yake yakiwa Nairobi na ndege zake zikiruka kutoka uwanja wa Wilson. McIndoe hakuishi kuona mengi ya matunda yake. Alifariki Aprili 1960.

Wood alirusha ndege mwenyewe. Alitua katika viwanja vya udongo vilivyofyekwa na wanakijiji, mara nyingine baada ya kupita chini kwanza kuwafukuza mbuzi. Alipasua siku nzima katika hospitali ndogo za serikali na za misheni, akalala hapo, kesho akaruka kwenda kwingine. Kaskazini mwa Kenya, ambako barabara zilikuwa za shida na miaka ya 1963 hadi 1967 ikawa ya vita vya Shifta, ndege ndogo ilikuwa ni karibu njia pekee ya haraka. Kutoka Nairobi hadi Isiolo kwa ndege kama hiyo ni kiasi cha saa moja.

Mengi ya yale aliyoyapasua yalikuwa ni makovu ya zamani. Mtoto aliyeungua shingo miaka mitano nyuma, kidevu chake kimeshikana na kifua. Msichana ambaye kiwiko kimekunjwa na kovu hata mkono haunyooki. Mtu mwenye kifafa aliyeangukia moto wa jikoni, na jamaa wakachelewa kumvuta kwa kuogopa kwamba ugonjwa ule unaambukiza kwa kugusana na mgonjwa, jambo ambalo si kweli hata kidogo. Wood aliyakata makovu yale akaweka ngozi mpya, kazi ya saa nyingi kwa kiungo kimoja. Na mpasuaji akiwa mtu wa kufikiri hawezi kukata makovu mia asijiulize siku ya kwanza kulifanyika nini.

Siku ya kwanza, mara nyingi, palipakwa kitu. Huko kwa wafugaji mtu hupakwa samli, au majivu, au kinyesi cha mnyama. Huku kwetu pwani tusijione bora, kwani wengi hukimbilia dawa ya meno, ute wa yai, unga wa ngano, au unga wa kahawa. Vitu hivi huzuia joto lisitoke nje ya ngozi, na vingine huleta uchafu, kisha daktari huanza kwa kuvikwangua, na huko ni kumtonesha mgonjwa upya. Asali ina sifa zake, nasi Waislamu tunazijua, lakini hata asali haina budi kusubiri maji yatangulie.

Maji yenyewe yawe safi na ya baridi ya kawaida, si barafu, nayo yapite juu ya mahali palipoungua kwa muda wa dakika 20. Hata saa tatu zikiwa zimekwisha pita tangu ajali, maji bado yanafaa. Bangili na pete zivuliwe mapema kabla mkono haujavimba. Nguo iliyogandamana na ngozi isivutwe, na lengelenge lisipasuliwe. Kisha pafunikwe kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, au hata kwa karatasi safi ya plastiki, na aliyebaki afunikwe asipigwe na baridi, hasa mtoto. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole ni kama sehemu moja katika mia ya mwili wake. Jeraha lenye malengelenge lililozidi kiganja hicho, au lililo usoni, mikononi au sehemu za siri, lipelekwe hospitali.

Mtu wa Merti akisoma hayo atacheka. Dakika 20 za maji ya kupita, mahali ambapo mama ametembea tangu alfajiri kwenda kuteka dumu moja? Hili ni swali la haki, wala halijibiwi kwa mabango ya zahanati yenye picha ya bomba. Jibu lake ni kwamba maji yale yale yaweza kukingwa kwa beseni na kumwagiwa tena juu ya jeraha, na kitambaa safi kilichochovywa kikalazwa na kubadilishwa kila kinapopata joto chafaa kuliko samli yoyote. Nusu ya dumu hutosha ikitumiwa hivyo. Maji ya kunywa mgonjwa yatapatikana kwa jirani. Ngozi ya mtoto haipatikani kwa jirani.

Damu ni shauri jingine, maana haisubiri. Kuanzia miaka ya 1960 shirika la Wood lilitandaza simu za upepo katika hospitali na zahanati za mbali, nazo zikaongezeka hata zikawa makumi kwa makumi. Mwuguzi aliyekuwa peke yake nyikani aliweza kumwita daktari wa Nairobi hewani, akamweleza hali ya mgonjwa na kupewa maagizo, na ikiwa lazima ndege ikaja. Watu wengi walioishi mbali wanazikumbuka sauti zile zenye mikwaruzo kuliko wanavyozikumbuka ndege. Lakini viwanja vya udongo havikuwa na taa. Mtu aliyepigwa kisu wakati wa Magharibi ilimlazimu angojee alfajiri, na kati ya Magharibi na alfajiri alikuwa na watu waliomzunguka, basi.

Watu hao walikuwa na uwezo kuliko walivyojidhania. Damu inayotoka kwa nguvu husimama, mara nyingi, kwa kugandamizwa. Nguo safi huwekwa moja kwa moja juu ya jeraha na kukandamizwa kwa viganja viwili, kwa uzito wa mwili, bila ya kufunua kila dakika kutazama kama imekoma, kwani kila kufunua ni kuubandua ule utando wa damu iliyoanza kuganda. Nguo ikilowa huongezwa nyingine juu yake. Leso ya mama ni bandeji iliyo karibu kuliko zote kutoka Kiunga hadi Vanga, nayo ni ndefu, ni ya pamba na imefuliwa mara nyingi. Kisu au mshale uliokwama mwilini usichomolewe, maana pengine wenyewe ndio uliouziba mshipa. Hugandamizwa pembeni yake na kuzungushiwa nguo usitikisike. Mgonjwa hulazwa.

Ikiwa ni mkono au mguu, na damu inaruka na kugandamiza kumeshindwa, hapo ndipo hufungwa kitambaa kipana juu ya jeraha kuelekea moyoni, upana wa vidole vitatu au zaidi, si kwenye kiungo, na kijiti hupitishwa ndani na kusokotwa mpaka damu isimame. Saa huandikwa, hata kama ni juu ya paji la uso la mgonjwa kwa kalamu au mkaa, na hakilegezwi mpaka kwa daktari. Zamani wengi waliogopeshwa na jambo hili kwa sababu kitambaa kikikaa saa nyingi kiungo hufa. Elimu ya leo yasema afadhali kuhatarisha mguu kuliko kumpoteza mwenye mguu. Kamba nyembamba au waya hukata nyama, visitumiwe.

Katika kaskazini kuna tiba nyingine ya tangu jadi, nayo ni chuma cha moto. Wafugaji wengi, Wasomali na Waborana miongoni mwao, humchoma mtu kama wanavyomchoma ngamia, kwa maradhi ya ndani na kwa majeraha. Asiyejua atasema ni ushamba. Haki ya historia yataka tukumbuke kwamba Abulqasim al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1013 hivi, mpasuaji mkubwa kuliko wote wa zama zake, aliandika sura nyingi juu ya kuchoma kwa chuma, na wapasuaji wa Ulaya wakamfuata kwa mamia ya miaka. Lakini al-Zahrawi huyo huyo alifundisha pia kuufunga mshipa kwa uzi na kuukaza kwa bandeji. Wapasuaji wa leo nao hutumia moto wa umeme kuziba vijishipa, ndani ya chumba safi na kwa kipimo. Chuma cha kambini hakina kipimo. Huacha jeraha la pili juu ya la kwanza.

Wasomaji wanaoijua sira hawatashangaa kwamba kazi hii ina heshima ya zamani. Hema la Bibi Rufaida al-Aslamiya lilisimamishwa msikitini Madina, na humo ndimo alimouguzwa Saad bin Muadh alipochomwa mshale katika vita vya Khandaq, mwaka wa tano wa Hijra. Nataja hili kwa sababu bado wako wanaume wanaosimama kando wakimtazama mwanamke akivuja damu barabarani, wakiogopa kumgusa asiye maharimu wao. Wanavyuoni wameeleza wazi kwamba kuokoa roho ni dharura, na dharura ina hukumu yake. Wanawake wakiwapo karibu ni vyema zaidi. Wasipokuwapo, damu isiachwe ikimwagika kwa kungojea mtu mwingine.

Turudi kwa Wood. Asidhani mtu kwamba kila alilolishika lilifanikiwa. Yeye na mkewe walijiingiza sana katika siasa za chama cha Capricorn, kilichotaka watu wa rangi zote wa Afrika ya Mashariki na ya Kati wawe raia wa nchi moja pamoja, na ambacho mwaka 1956 kilifanya mkutano mkubwa Salima, kando ya Ziwa Nyasa. Nia yao haikuwa mbaya. Lakini walitaka kura zitolewe kwa vipimo vya elimu na mali, nao Waafrika walioona Uhuru uko mlangoni hawakuwa na haja ya kupimwa. Chama kikafifia. Ninavyoona mimi, Wood alijifunza pale jambo lililomfaa baadaye katika tiba: kwamba haitoshi kuwatakia watu mema ukiwa juu yao.

Kwani ndani ya shirika lake mwenyewe shaka ilikuwa imeanza. Ndege ni ghali. Mpasuaji mmoja akiruka siku nzima huwafikia wagonjwa wachache, na wengi wao amewakuta wamechelewa. Kidogo kidogo, tangu miaka ya 1960 na zaidi katika miaka ya 1970, fedha na akili za AMREF zikaelekea kwenye mafunzo. Likatolewa jarida la wahudumu wa afya, jina lake Afya. Vikaandikwa vitabu vya lugha nyepesi kwa mwuguzi aliye peke yake. Wood mwenyewe alisimulia kazi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1978, Go an Extra Mile. Mwaka huo huo mataifa yalikutana Alma-Ata na kukubaliana kwamba afya ianzie kijijini, na AMREF ikaanzisha mpango wake Kibwezi, mahali ambapo kila abiria wa Mombasa na Nairobi hupapita. Huko wanakijiji waliwachagua wenzao, wakafundishwa kuzuia maradhi na kuwahudumia jirani zao, kisha wakarudi nyumbani kwao.

Jambo hili si dogo kwa daktari. Mpasuaji aliyefundishwa na McIndoe, mwenye ndege yake na sifa zake, alikubali kwamba mtu wa muhimu kwa majeruhi ni mama wa jirani aliyesoma darasa la sita. Mama huyo hapasui mtu. Hujua kugandamiza, kumwagia maji, na kumlaza mtu. Hujua kwamba aliyeteguka kifundo cha mguu apumzishwe, apoezwe kwa kitambaa cha maji baridi, afungwe bandeji isiyokaza hata vidole vikafa ganzi, na mguu uinuliwe juu ya mto, wala asisuguliwe kwa nguvu siku hiyo, kwani kuchua jeraha bichi huzidisha damu iliyovilia ndani. Hujua kwamba aliyeumwa na mbwa, au na mnyama yeyote, huoshwa jeraha kwa sabuni na maji kwa robo saa nzima na kupelekwa kudungwa sindano hata kama alama ni ndogo, maana kichaa cha mbwa kikishaonekana hakina tiba. Na jeraha lolote lililoingia udongo au samadi huambatana na hatari ya pepopunda, jambo la kila siku kwa watu wanaoishi na mifugo.

Mwaka 1985 Wood alipewa na Malkia wa Uingereza cheo cha Sir, akaacha uongozi wa AMREF. Wengi wangekwenda kupumzika. Yeye mwaka huo huo, pamoja na rafiki yake David Campbell, alianzisha shirika jingine la kuwasaidia wakulima na wafugaji, FARM-Africa, maana njaa ya Ethiopia ilikuwa imemshtua. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa ya ngamia, kaskazini mwa Kenya. Bibi Susan naye alikuwa amekwisha kujitengenezea jina lake: mwaka 1975 alianza karakana ya shanga za udongo huko Karen, pamoja na akina mama wawili waliokuwa wakilea watoto peke yao, akaiita Kazuri, nayo ikaja kuwaajiri wanawake mamia.

Sir Michael Wood alifariki Mei 1987, akiwa na umri wa miaka 68. Bibi Susan aliishi hadi mwaka 2006.

Ndege za AMREF bado zinaruka kutoka Wilson, na siku hizi hubeba wagonjwa hata kutoka nchi za mbali. Barabara ya Isiolo hadi Moyale ina lami, na pale palipokuwa na kizuizi pana foleni ya magari. Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwagawia wahudumu wa afya ya jamii, zaidi ya 100,000 nchini kote, mikoba ya vifaa vya kazi. Wa Isiolo hutembea nayo kwa miguu kutoka boma hadi boma, na wale walio upande wa Merti, mvua ikinyesha, bado hukaa siku kadhaa kabla gari la kutoka mjini halijawafikia.